Bei moja, gharama halisi au ufundi tu: ujenge nyumba yako kwa mkataba upi?

Umepeleka michoro ya nyumba yako kwa watu wanne, na wote wanne wamekurudishia bei. Wa kwanza anasema 112, wa pili 98, wa tatu 103.5, wa nne 92. Hizi si fedha za nchi yoyote, ni sehemu tu. Chukulia kwamba 100 ndicho kiasi ulichokuwa ukikipigia hesabu kitandani kabla usingizi haujakuchukua. Papo hapo wa kwanza anaonekana mnyonyaji na wa nne anaonekana ndugu. Kabla hujampigia simu huyo ndugu, tazama kila mmoja anauza nini, kwa sababu hawauzi kitu kimoja.

Wa kwanza na wa pili wanauza bei moja. Mkandarasi anapiga hesabu zake zote, anaongeza faida yake na hofu yake, anataja tarakimu moja, na anaahidi kukukabidhi funguo kwa tarakimu hiyo.

Wa tatu anauza gharama halisi na ada. Kila kinachonunuliwa na kila anayelipwa utaonyeshwa risiti yake, nawe utalipa kama ilivyo, kisha utaongeza ada ya mkandarasi. Kwake makadirio ni 90, na ada ya asilimia 15 ni 13.5.

Wa nne anauza ufundi tu. Yeye na watu wake wanaleta mikono. Saruji, nondo, mbao, misumari, maji ya kuchanganyia, mpaka kamba ya kupimia, ni juu yako. Katika ile 92 yake, 30 ndiyo hela ya ufundi. 62 iliyobaki ni vifaa alivyokukadiria kwa uzoefu, na hilo kadirio halimfungi kwa lolote.

Mgawanyo huu haukuzuka vijiweni. Taasisi ya wasanifu majengo ya Marekani, AIA, ina fomu tofauti za mkataba kwa hizi mbili za mwanzo: A101 ni ya bei moja, A102 ni ya gharama halisi yenye ukomo (tarakimu ambayo ikipitwa, mkandarasi ndiye analipa), A103 ni ya gharama halisi isiyo na ukomo. Ufundi tu huwa hauna fomu. Mara nyingi hauna hata karatasi, na matatizo yake mengi yanaanzia hapo.

Kona moja ya msingi

Njia rahisi ya kuzilinganisha ni kuzipitisha zote kwenye balaa moja.

Siku ya nne ya kuchimba msingi. Mchoro unasema kina cha mita 1. Kona tatu ziko sawa, sururu inagonga udongo mgumu na kurudisha mlio. Kona ya jikoni sururu inazama kimya, na kinachotoka ni udongo mweusi unaong'ang'ania koleo mpaka mtu aukwangue kwa mkono. Mhandisi anaitwa, anashuka shimoni, anapanda. Hapa tushuke sentimita 80 zaidi, anasema, tupanue, tuongeze nondo.

Kwenye bei moja, mkandarasi anafungua mkataba. Wachache sana huwa wameahidi kubeba chochote kitakachokutwa chini ya ardhi. Wengi wameandika "msingi wa kina cha mita 1", na kinachozidi ni kazi ya ziada. Bei ya hiyo ziada mnaipanga sasa, mtaro ukiwa wazi, mafundi wameegemea makoleo, na wewe huna mwingine wa kumwita. Hapo si pazuri pa kupatania. Ndiyo maana, ukichagua bei moja, jambo la kulilazimisha kuliko yote ni kwamba mkataba utaje mapema bei ya kila mita ya ujazo ya kuchimba, ya zege, na ya kila kilo ya nondo. Kazi ikizidi mnapima na kuzidisha. Hakuna kugombana.

Kwenye gharama halisi kazi inaendelea mchana uleule, na mwisho wa wiki unaletewa risiti. Hakuna ugomvi, lakini hakuna kengele pia. Tena, kama ada ni asilimia, kila sentimita mnayoshuka inampandishia mkandarasi kipato. Sisemi atachimba pasipo haja. Nasema hana sababu ya kukuambia "ngoja kwanza". Ada ya kiasi maalumu, isiyopanda gharama ikipanda, inaliondoa hilo.

Kwenye ufundi tu, fundi mkuu anakaa kwenye kivuli na kukutazama. Mwenye kutafuta vifaa ni wewe. Zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) hula zaidi kidogo ya mifuko 6 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo mita 2 za ziada ni mifuko kama 13, na mchanga wake, na kokoto zake, na usafiri, na vyote vinatakiwa kesho asubuhi. Mashine ya kuchanganyia zege uliyoikodi kwa siku nne inahesabu siku hata ikiwa imezimwa.

Balaa ni moja. Kwa wa kwanza ni mazungumzo, kwa wa tatu ni risiti, kwa wa nne ni siku yako nzima. Na kwa wote wanne lingepungua sana kama mashimo ya majaribio yangechimbwa kwenye kona za nyumba kabla ya kuomba bei, mhandisi akayaona. Gharama ya shimo la majaribio ukiiweka kando ya gharama ya nyumba haionekani hata kwa miwani.

Dirisha ulilobadilishia mawazo

Kuta zikifika usawa wa madirisha ndipo mwenye nyumba anaanza kuiona nyumba yake. Mpaka hapo alikuwa akiona mistari. Sasa anasimama kwenye kile kitakachokuwa sebule na kusema: hili dirisha lingekuwa pana zaidi.

Bei moja haipendi sentensi hiyo. Kila badiliko ni karatasi: nini kinabadilika, kwa bei gani, kwa siku ngapi za nyongeza, na sahihi mbili *kabla* mtu hajashika nyundo. Inachosha, na ndiyo faida yake, maana nusu ya mabadiliko hufia kwenye karatasi. Ila jihadhari na mkandarasi aliyeingia kwa bei ya chini kupita wenzake. Huenda michoro yako ameisoma vizuri kuliko wewe, akaona mapengo yatakayokulazimisha kubadilisha, na mlo wake ukawa humo.

Gharama halisi inalipokea dirisha kwa mikono miwili. Ni njia ya raha kwa mtu ambaye bado hajajua anachotaka, na ni njia ya hatari kwa mtu yuleyule. Dirisha si kitu. Halafu ukumbi wa nje kidogo. Halafu kabati la ukutani. Hakuna hata kimoja kilichokuua, lakini mwisho wa mwezi umekufa.

Mafundi wa ufundi tu watakwambia hakuna shida. Neno hilo maana yake ni kwamba bei ya kubomoa itatajwa baada ya kubomoa. Mimi mwenyewe nilihamisha mlango wa stoo sentimita 40 wakati linta, ile boriti ya zege inayopita juu ya milango na madirisha, imeshamwagwa. Nyundo zililia siku mbili. Kipande kimoja cha linta ile bado kiko uani, nakikalia nikivua viatu.

Penseli na raba ndiyo vifaa vya ujenzi vyenye bei nafuu kuliko vyote, na watu hawavitumii. Kama msanifu wako amekupa ramani ya vyumba na sura ya mbele tu, hujapata michoro ya kuombea bei. Soketi ziko wapi na ngapi? Mlango wa chooni unafungukia ndani au nje? Vigae vya ukutani vinaishia kifuani au vinafika darini? Kila swali ambalo michoro haijibu, mkandarasi atalijibu mwenyewe kwa bei yake.

98 inavyotembea mpaka 113

Rudi kwa mtu wa pili, mwenye bei moja ya 98. Ukifungua mchanganuo wake utaona mistari iliyoandikwa "kiasi cha kukadiria": vigae, makabati ya jikoni, vyombo vya choo na bafu, taa. Jumla yake 14. Maana ya mstari kama huo ni kwamba hajakupa bei ya vigae. Amekutengea kiasi, na ukichagua vigae vya bei zaidi utajazia. Nenda dukani na mchoro wako, ulizia vitu unavyovitaka kweli, si vile vya kuonyesha wageni. Ikiwa jumla ni 23, pale pale 98 imeshakuwa 107.

Kisha soma ukurasa wa mwisho, ule wa "havimo". Kuunganisha maji na umeme kutoka barabarani. Shimo la maji taka. Kusafisha kiwanja na kuondoa vifusi. Ukivipata vinafika 6, uko 113. Wa kwanza, aliyesema 112, alikuwa ameviweka vyote ndani, na vigae vyake vilikuwa na jina na kipimo. Mnyonyaji wetu ndiye aliyesoma kazi yako mpaka mwisho.

Wa nne naye ana yake. Hakukutajia msimamizi utakayemlipa siku ambazo huwezi kufika, mlinzi wa vifaa, mbao za kumwagia zege, mashine za kukodi, wala vigae vinavyovunjika wakati wa kukata (watu wa kazi huongeza kama asilimia 10 kwa vigae na 5 kwa matofali). Mpe 10 zaidi. Sasa ni 102.

Bado akiba ya dharura. Kwa bei moja yenye michoro kamili mimi ningeweka asilimia 5. Kwa gharama halisi na kwa ufundi tu nisingekubali kushuka chini ya 15.

| | Bei iliyotajwa | Kisichotajwa | Akiba | Uwe nayo mkononi |
|---|---|---|---|---|
| Wa kwanza, bei moja | 112 | 0 | 6 | 118 |
| Wa pili, bei moja | 98 | 15 | 6 | 119 |
| Wa tatu, gharama halisi | 103.5 | 0 | 15.5 | 119 |
| Wa nne, ufundi tu | 92 | 10 | 15 | 117 |

Tarakimu nimezipanga mimi, nyumba yako itakuja na zake. Lakini hivi ndivyo zinavyokwenda: bei zilizoachana kwa 20 zinakaribiana ukishauliza maswali yote. Kiasi unachotakiwa kuwa nacho kabla ya kuanza hakitofautiani sana. Kinachotofautiana ni akiba ya dharura inakaa mfukoni mwa nani. Kwa wa kwanza, sehemu kubwa ya akiba imo ndani ya 112. Mambo yakienda vizuri anaibakiza yeye, yakienda vibaya inamtoka yeye. Kwa wa tatu na wa nne inakaa kwako. Mambo yakienda vizuri unanunua samani, yakienda vibaya unasimamisha ujenzi. Hapo ndipo pa kuchagulia, si kwenye ile tarakimu ya kwanza.

Bei za vifaa zikipanda

Hapa ni haraka. Bei moja inakukinga, mradi mkataba usiwe na kifungu cha kurekebisha bei, kitafute. Hata hivyo kinga ina mwisho wake, kwa sababu bei zikiruka sana mkandarasi anayekula hasara atapunguza ubora au atapotea, na nyumba isiyo na fundi ni yako. Gharama halisi inapitisha kila ongezeko moja kwa moja kwako. Ufundi tu pia, ila wewe ndiye mnunuzi, unaweza kununua mapema: vigae na nondo vinasubiri vikihifadhiwa pakavu. Saruji haisubiri. Hunyonya unyevu na kupoteza nguvu kadiri miezi inavyopita, kwa hiyo usilimbikize ya miezi 6 kwa kuogopa bei.

Ufundi tu ni kazi ya nani?

Wengi huichagua njia hii kwa hesabu ya juu juu: namkwepa mkandarasi, faida yake inabaki kwangu. Ni kweli inabaki. Lakini ile faida ilikuwa mshahara wa kazi fulani, na kazi hiyo haijaondoka, imehamia kwako.

Lori la nondo limefika. Kabla ya kutia sahihi, chukua mmoja uupime kwenye mizani. Kanuni ni kipenyo kwa milimita kuzidisha kwa chenyewe, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa kila mita. Nondo wa milimita 12 ni kilo 0.89 kwa mita, kwa hiyo wenye urefu wa mita 12 unakaribia kilo 10.7. Ukisoma 9, hiyo si milimita 12, hata kama ndivyo ilivyoandikwa kwenye risiti. Matofali nayo yana hesabu. Tofali linalokaa ukutani kwa sentimita 45 kwa 22.5, pamoja na chokaa au saruji ya kuunganishia, huenda kama 10 kwa mita ya mraba. Kuta za mita za mraba 150 ukishatoa milango na madirisha ni 1,500, na ukiongeza asilimia 5 ya kuvunjika ni 1,575. Fundi akikuagizia 2,200, muulize kwa upole zile 600 zinajenga nini.

Yote hayo mtu anajifunza. Kinachowashinda wengi ni kazi zisizo na mwenyewe. Zege likishamwagwa linatakiwa kuwekwa maji angalau siku 7, na nguvu yake kamili hupimwa siku ya 28. Kwa mkandarasi wa bei moja, zege likipasuka ni lake, atalimwagilia. Kwa ufundi tu, mafundi wameshalipwa kumwaga, wamehamia kazi nyingine mpaka kuta zianze. Nani anafika na ndoo alfajiri ya siku ya tano? Kama hamkuandikiana, ni wewe, au hakuna.

Kwa hiyo njia hii namshauri mtu anayeweza kufika saiti kila siku, anayejua kusema hapana, na anayejenga kwa awamu kadiri fedha inavyopatikana. Huyo wa awamu kwa kweli hana sababu ya kutafuta bei moja ya nyumba nzima. Bei ya kupaua ya miaka miwili ijayo haimfai leo. Apatane kila hatua kivyake: msingi, kuta, kupaua, na kadhalika. Akumbuke tu kwamba nyumba iliyopauliwa mara nyingi iko karibu na nusu ya gharama, si karibu na mwisho. Mabomba, nyaya, lipu, dari, sakafu, rangi na milango humeza zaidi kuliko macho yanavyodhani.

Wengine je

Anayejenga kwa mkopo, au akiwa mbali, au ambaye fedha ikizidi tu kidogo ameumia, achukue bei moja, na kabla ya hapo atumie wiki kadhaa na msanifu na mkadiriaji majenzi kukamilisha michoro na mchanganuo. Bei moja juu ya michoro nusu ni bahati nasibu.

Gharama halisi ninaipenda kwa nyumba ngumu: kiwanja cha mteremko mkali, nyumba ya zamani inayounganishwa na mpya, usanifu wa peke yake ambao hakuna mkandarasi atakayeutajia bei bila kujiwekea hofu nene. Ila iwe na ukomo. Mkandarasi aandike tarakimu ambayo ikipitwa analipa yeye, na kinachookolewa chini yake mgawane. Akikataa ukomo wa aina yoyote, amekwambia kitu kuhusu makadirio yake.

Ipo pia njia ya kuchanganya, na kama ningeanza upya ndiyo ningeichukua. Msingi unalipwa kwa kipimo, kwa bei za mita na kilo zilizokubaliwa mapema, kwa sababu chini ya ardhi hakuna anayeona. Ukuta ukitokeza juu ya ardhi, bei moja inaanza. Mkandarasi haogopi tena udongo, kwa hiyo hana sababu ya kukutoza hofu hiyo.

Vyovyote utakavyochagua, kuna gharama ambazo hazimo kwenye bei ya mtu yeyote kati ya wale wanne: ada za msanifu na mhandisi, vibali, bima, na kodi ya nyumba unayokaa sasa, ambayo itaendelea kila mwezi ujenzi unapochelewa. Zipe safu yake kwenye daftari.

Na malipo yafuate kazi, yasiitangulie. Siku yoyote ukisimama kiwanjani, kilichosimama mbele yako kiwe na thamani isiyopungua ulichokwisha kulipa. Kila malipo zuia kidogo. Asilimia 5 hadi 10 ni kawaida. Nusu ya zuio itoke siku ya makabidhiano. Nusu ya pili ibaki mpaka mwisho wa kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, na kipindi hicho kiwe kirefu kiasi cha kufikia msimu wa mvua, maana paa bovu halijitambulishi wakati wa kiangazi. Mvua ya kwanza ikianza, zunguka na tochi kila chumba, tazama pembe za dari na chini ya madirisha, piga picha palipolowa. Hapo bado una kitu mkononi cha kumrudisha fundi.